Hatua ya Saba

Riga, 3 Novemba 1976

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na baba pia, na kwamba mgongo wake umetulia tangu siku ile alipobeba magunia ya unga peke yake pale kwenye tanuri la mikate, kama kijana wa miaka ishirini. Mimi sijambo, ila kikohozi kidogo, na mikono imekauka kwa baridi mpaka inachanika.

Nakuandikia nikiwa nimesimama. Siku hizi sijui kukaa. Nikikaa naona nimesahau kitu, nikisimama naanza kutembea. Mwenzangu wa chumbani anasema nitatoboa sakafu tuanguke kwa jirani wa chini. Jumapili nimefungwa tena sataranji, na mtu ambaye sikupaswa kufungwa naye. Nilikuwa na nyeupe, Mama! Mwenye nyeupe ndiye anayeanza, ndiye anayechagua vita vipiganwe wapi, lakini mimi nikifika hatua ya kumi nimeshakaa vibaya, kisha nabaki kujiokoa saa nne nzima. Kocha Imants, ambaye kwa kawaida hutoa neno kama mtu anayeng'olewa jino, safari hii aliongea mbele ya klabu nzima: "Tsira, katikati unacheza kama simba, mwishoni unacheza kama mwanasheria, na mwanzoni unacheza kama mtu aliyeamshwa ghafla."

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, nikaenda chooni nikalia.

Basi amenipa dawa. Ana kabati zima la vijitabu vya mashindano ya zamani, vya karatasi ya kijivu, kila mchezo umeandikwa humo hatua kwa hatua. Kila asubuhi kabla ya kwenda kiwandani napanga kete, naufunika ukurasa kwa kadi, nashusha kadi mstari mmoja mmoja. Nabahatisha mchezaji atafanya nini, halafu natazama alichofanya. Michezo sita kila siku, hatua kumi na tano za mwanzo tu. Nusu fainali ya wanawake ya Muungano mzima wa jamhuri ni Machi, Rostov. Tutakuwa kumi na sita, watapita wanne. Nisipopita mwaka huu, sijui, Mama. Naona kama mlango unafungwa polepole na mimi bado natafuta viatu.

Jambo moja la kuchekesha. Kwenye kijitabu cha mwaka 1952, mashindano ya wanawake ya jamhuri yetu ya nyumbani, kuna mchezaji anaitwa N. Gvelesiani, wa Kutaisi. Jina la kwenu! Ni binamu yako? Anafungua kwa askari wa malkia, taratibu, halafu ghafla anakukaba koo. Nimempenda sana. Kama unamfahamu niambie.

Wasalimie wote wa uani. Nitumie zile plamu zilizopondwa na kukaushwa kama karatasi, hapa hata ndimu ni sikukuu.

Mwanao,
Tsira


Kutaisi, 14 Novemba 1976

Mwanangu Tsira,

Marahaba. Barua yako imefika, tumeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti kwa sababu baba yako hataki kukubali kuvaa miwani. Sisi wazima. Mgongo wake umepona, na sasa anasema haukuwahi kuuma. Mto Rioni umejaa, mvua wiki nzima, wagonjwa wamejaa dukani kwangu wote wanataka dawa ya mafua, na wote wanataka kunieleza walivyoyapata.

Kikohozi usikidharau. Maziwa ya moto, asali, ulale. Mikono paka mafuta, usingoje ichanike. Nakutumia plamu, soksi mbili za sufu na njugu za jozi za mti wetu. Jozi uzile wewe, usigawe klabu nzima.

Kina Gvelesiani wako wengi Kutaisi. Ukirusha jiwe sokoni utampiga mmoja.

Kuhusu kutembeatembea: acha. Kaa chini, ule.

Mama yako,
Natela


Riga, 28 Novemba 1976

Mama,

Shikamoo. Mzima? Baba mzima? Mimi mzima, kikohozi kimeisha, asante kwa kifurushi.

Nitasema moja kwa moja. Imants anacho kijitabu kamili cha 1952, na nyuma kuna orodha ya wachezaji. Nakunakilia: "N. Gvelesiani, miaka 21, Kutaisi, mwanafunzi wa ufamasia." Mama. Ni akina Gvelesiani wangapi waliokuwa na miaka ishirini na moja mwaka ule, wakasoma ufamasia, na jina linaanza na N?

Miaka yote ulisema unajua tu farasi anavyoruka. Nilipoanza sataranji nikiwa na miaka tisa, mama za wenzangu walikaa ukutani wanafuma na kungoja, mimi nilikuwa natazama mlango. Hukuja. Hata mara moja hukuja. Nilipopata daraja la kwanza ulisema, "Vizuri, nawa mikono tule." Nilidhani hupendi mchezo. Nilidhani hunipendi mimi ndani ya mchezo. Kumbe ulikuwa hodari kuliko mimi! Nimecheza michezo yako yote ubaoni. Mara tatu umecheza nyeupe kwa mpango ule ule, umemleta askofu nyumba ya d3, umemficha mfalme, umengoja, ukashinda zote. Imants alisimama nyuma yangu akasema, "Huyu anajua kukaa kimya."

Lakini mchezo wa mwisho siuelewi. Wewe na Nargiza Tsulaia. Mpango ule ule, mtu yule yule, ghafla hatua ya saba unamsukuma askari wa safu ya g nyumba mbili mbele na kumwacha pale g4, bure, mbele ya farasi wake. Hakuna anayemlinda. Anamla. Baada ya hatua kumi na tisa umekubali kushindwa. Yeye akaingia timu ya jamhuri akaenda Moscow, wewe ukarudi Kutaisi, na baada ya hapo jina lako halipo tena popote. Nimetafuta.

Imants aliitazama ile hatua akacheka. Akasema, "Mchezo kama huu hauchezwi, huu unauzwa."

Sikutaka kuamini. Lakini nimekaa nao siku nne na sipati jibu jingine. Mama, uliuza? Kama uliuza niambie, mimi si mtoto. Ninachoshindwa kuvumilia ni kutojua.

Tsira


Riga, 20 Desemba 1976

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mko wazima. Sijapata barua. Labda posta imezidiwa na mwisho wa mwaka.

Niliandika kwa haraka mara ile. Niandikie hata mistari miwili.

Mwanao,
Tsira


Riga, 9 Januari 1977

Mama,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Kifurushi kimefika. Jozi, jibini, sweta. Nimekikung'uta, nimegeuza hata karatasi ya kufungia upande wa pili. Hakuna neno. Nilimpigia baba simu pale ofisi ya tanuri, akasema, "Mama yako anapika." Saa nne asubuhi, Mama? Na siku ya kazi?

Nimefungwa mara mbili wiki hii. Siwezi tena kutazama vile vijitabu. Kila nikishusha kadi naona hatua ya saba.

Nisamehe. Sijui hata naomba msamaha wa nini hasa, lakini nisamehe.

Mwanao,
Tsira


Kutaisi, 23 Januari 1977

Tsira,

Marahaba. Sisi wazima. Nakuandikia nikiwa dukani, nimefunga dirisha la dawa na kubandika tangazo kwamba nahesabu vidonge.

Sikuuza.

Nimeandika neno hilo mara kumi kwenye karatasi nyingine, nikazichana, kwa sababu kila nikilitazama naona halitoshi. Hata mwaka ule halikutosha. Sasa kaa chini, tafadhali, usome umekaa.

Ile hatua ilikuwa yangu. Nilikuwa naipika miezi miwili. Kama wewe sasa, nilikuwa nakopa vijitabu vya mashindano, nanakili michezo kwa mkono kwenye daftari la ufamasia, nyuma ya majina ya mizizi na majani. Nilipocheza michezo ile ya wakubwa niliona wote wanafika mahali pale pale, wanapumzika, wanaweka askofu d3 kama mtu anayevua kofia mlangoni. Nikajiuliza, mbona hakuna anayempiga mtu mlangoni? Askari wa g4. Farasi wake akimla, ngome yangu inakuja g1, njia iko wazi, inaingia mpaka g7 ndani ya nyumba yake. Nilipoiona mara ya kwanza niliinuka nikazunguka chumba, kama wewe. Usifikiri hizo safari zako za sakafuni umezirithi kwa baba yako.

Sikumwambia mtu. Hata mwalimu wangu wa sataranji, Akaki, sikumwambia. Nilimwekea Nargiza kwa sababu alikuwa bora kuliko wote, na nilitaka kumshinda aliye bora kwa kitu ambacho hakuna mtu duniani amekiona.

Basi akamla askari. Nikaleta ngome. Akamrudisha farasi wake, akaniacha niingie g7. Nikaingia. Halafu farasi wake wa pili akazunguka f8, akasimama g6, akanifungia mlango kwa nje. Mfalme wake akaja kuichukua ngome yangu kama mtu anayetoa kuku bandani. Kila mtu ukumbini aliona.

Akaki akanifuata kwenye korido. "Natela, nini kile?" Nikanyamaza. "Natela, nani amekuambia ucheze vile?" Nikanyamaza. Waamuzi wakaniita. Walikuwa watatu mezani, na chai. Wakasema mchezaji wa kiwango changu hawezi kumtupa askari bure hatua ya saba katika mchezo wa mwisho, na wakati mwenzake anahitaji ushindi ili aende Moscow. Wakauliza, nimeahidiwa nini? Tsira, nilikuwa na maneno mawili tu ya kuchagua. Ama mimi ni mdanganyifu, ama mimi ni mjinga kiasi cha kufikiri ile ni hatua nzuri. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. La pili lilinichoma zaidi. Sikusema lolote. Wakanifungia kucheza mwaka mmoja.

Chuoni wasichana walikuwa wakinipita korido wananiuliza, "Natela, leo unauza bei gani?" Hata wale wasiojua sataranji. Mwaka ulipokwisha sikurudi. Nikaolewa na mtu ambaye hakuwahi kuniuliza, na ndiyo maana nilimpenda.

Siku yako ya kwanza ya mashindano nilikuja. Nilifika mpaka mlangoni. Nikasikia saa za mchezo zikigongwa, ule mlio, tak, tak, magoti yakaniishia nguvu. Nikarudi nyumbani nikakaanga mbilingani. Hukuniona. Nilikuja mara tatu, zote mpaka mlangoni.

Sasa binti yangu mwenyewe ananiandikia kutoka Riga, ananiuliza kama niliuza. Nimechoka. Wanagonga dirisha.

Mama yako


Riga, 2 Februari 1977

Mama yangu,

Shikamoo. Nimesoma nikiwa nimekaa, kama ulivyosema. Kisha sikuweza kuinuka.

Kila neno nililonalo ni dogo. Nilirudia maneno ya wale wasichana wa korido bila kujua, na nilikuwa na ujuzi wa kutosha kujua: nilipaswa kuitazama ile hatua kama mchezaji, badala ya kuitazama kama polisi. Nisamehe, Mama.

Kwa hiyo nimeitazama kama mchezaji. Siku tano, asubuhi na jioni. Mama, usinikasirikie, lakini nadhani ile hatua si ya kijinga. Nadhani ulikosa kitu kimoja tu. Malkia. Angekuwa tayari c2 kabla hujamsukuma askari, angekuwa anatazama g6 na h7 kutoka mbali. Yule farasi wa pili asingethubutu kuja kufunga mlango, na ngome yako isingenaswa.

Nimemwonyesha Imants. Alikaa na ubao saa nzima, chai yake ikapoa. Nikamwambia, "Bado inauzwa?" Akasema, "Mwombe mama yako radhi kwa niaba yangu." Yule mtu hajamwomba radhi mtu yeyote tangu vita.

Niambie unafikiri nini. Kuhusu malkia.

Mwanao,
Tsira


Kutaisi, 13 Februari 1977

Tsira,

Marahaba. Wazima. Baba yako anakusalimia, anasema nikuambie kwamba wiki hii amekula maharage ya kuungua mara mbili na kwamba kosa ni lako. Nilinunua ubao. Mdogo, wa safari, wa kete za sumaku. Upo jikoni karibu na jiko, na mtu akiukaribia napiga kelele.

Bila shaka ni malkia. Unadhani sikujua? Nilijua siku ile ile, kwenye treni ya kurudi, tulipopita stesheni ya Khashuri. Kwenye daftari langu malkia alikuwa c2. Mezani nikaona Nargiza amejiandaa kwa mpango wangu wa zamani, nikaogopa atanipita, nikasema nitaokoa hatua moja. Haraka tu. Miezi miwili ya kazi nikaitupa kwa haraka ya dakika moja.

Lakini na wewe usiruke kama mbuzi. Unaandika kana kwamba akimla askari wewe umeshashinda. Nani kakuambia? Akimla, halafu asimrudishe farasi bali amlete malkia wake f6, unafanya nini? Nimeitazama siku tatu. Ngome inamla farasi g4, naam, lakini yeye anakula f3, na hapo lazima uwe na moyo. Nakutumia kurasa nne. Zilizopigwa mstari mwekundu ni zile ambazo sijaziamini. Ukurasa wa tatu una doa la siki, usijali, ni d5 siyo d6.

Na asipomla askari? Umefikiria hilo? Mtu mwoga hamli. Mtu mwoga anasogeza tu askari wa h akuulize unataka nini. Wengi ni waoga. Andaa hilo kwanza.

Na nakukataza kuicheza Rostov. Nasema hivi kama mama yako, siyo kama mchezaji. Wanne wanapita. Cheza askofu d3, jifiche, ngoja, ushinde. Mimi nilishalipia ile hatua, hakuna sababu ulipie na wewe.

Vaa ile sweta.

Mama yako,
Natela


Rostov, 21 Machi 1977

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mko wazima wote. Mimi mzima, nimechoka, sijaumia popote. Nimekuwa wa tano.

Nimelitoa hilo kwanza ili usiruke kurasa kulitafuta. Wa tano, kwa nusu pointi. Nililia siku moja, sasa nimeacha.

Niliicheza. Najua ulinikataza. Sikupanga, nakuapia. Raundi ya sita nilikuwa na nyeupe dhidi ya yule mrefu wa Kharkov, na tulipofika mahali pale niliona mkono wangu unakwenda kwa askofu, d3, kama mtu anayevua kofia mlangoni. Nikaurudisha mkono. Nikatoa malkia c2. Naye akatoa askofu wake. Nikamsukuma askari g4.

Mama, ukumbi wote ulikuja. Yule wa Kharkov alinitazama usoni kuona kama naumwa. Alimla. Nikaleta ngome g1, akaleta malkia f6, kama ulivyosema, nikamla farasi wake, akala f3, na hapo ndipo nilipohitaji ule moyo. Lakini zile kurasa nne nilikuwa nazo kichwani, pamoja na doa la siki. Kufika hatua ya ishirini alikuwa amekwisha. Halafu, mimi huyu huyu simba wa katikati, nikapapatika, nikamwachia njia, tukatoka sare. Hatua zote nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Ile nusu pointi ndiyo iliyonikosesha nafasi. Nisikilize vizuri: ufunguzi haukuniangusha. Niliangushwa na haraka. Sina wa kumlaumu, na naona najua nilikoitoa.

Sasa jambo lenyewe. Mwamuzi mkuu wa mashindano haya ni mwanamke mnene wa Tbilisi, nywele nyeupe, fimbo. Nilipomsukuma yule askari alikuwa anapita kati ya meza. Alisimama. Alisimama pale mpaka wasaidizi wake walipokuja kumwita. Kesho yake asubuhi, kwenye chumba cha kulia cha hoteli, akaja na sahani yake akaketi mbele yangu bila kuomba.

"Wewe mtoto wa nani?" akaniuliza kwa Kijojia.

"Wa Valiko Kiknadze, mwoka mikate wa Kutaisi."

"Sijakuuliza mikate. Mama yako nani?"

Nikamwambia. Akaweka uma chini. "Mimi ni Nargiza Tsulaia," akasema.

Nilitaka kuondoka, Mama. Nilishainuka nusu. Akanishika mkono wa sweta. "Keti. Kula. Nina jambo, na sikulisema wakati wake." Akaniambia hivi, na nakuandikia kama alivyolitamka. Asubuhi ya mchezo wenu mlikutana kwenye ngazi, wewe ukamwambia, "Leo nitakuonyesha kitu." Ulipomsukuma yule askari alijua ndicho hicho. Akasema, "Nilimla kwa sababu nilikuwa mdogo na mwenye njaa. Kisha ngome ikaja g1, nikaona nimeumia. Nilikaa dakika arobaini. Arobaini, kwa hatua moja! Jasho lilinitiririka mgongoni. Sijawahi kufikiri vile tena maishani mwangu, hata Moscow. Mtu anayekuuzia mchezo hakupi kitu kigumu namna ile."

Nikamuuliza, "Waamuzi walikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ukasema nini?"

Aliikata nyanya yake vipande vidogo vidogo. "Nilisema sijui. Niliogopa watayafuta matokeo. Niliogopa Moscow itaponyoka. Mwambie. Usimwambie nimeomba msamaha, hilo nitalifanya mwenyewe kama atakubali barua yangu. Mwambie tu dakika arobaini."

Nimekuambia. Sijui nimefanya vema. Naondoka kesho kurudi Riga, niandikie huko. Sitauliza kitu kingine.

Mwanao,
Tsira


Kutaisi, 5 Aprili 1977

Tsira mwanangu,

Marahaba, mama. Sisi wazima, plamu zimechanua, baba yako mzima.

Dakika arobaini!

Unajua mchezaji ana dakika ngapi kwa hatua arobaini za kwanza? Mia moja na hamsini. Zaidi ya robo ya muda wake wote aliitumia kwa askari wangu mmoja! Miaka yote hii sikujua. Nilikuwa nimeinamisha uso, natazama kete, sikuitazama saa hata mara moja. Nilidhani ameona jibu pale pale, nilidhani alinicheka moyoni. Nimemwambia baba yako, "Valiko, dakika arobaini." Akauliza, "Za mkate kuiva?" Nikamkumbatia, akaogopa.

Nargiza sijamsamehe, usinisukume. Aliyajua haya, akakaa nayo miaka ishirini na tano akila vizuri. Barua yake imefika juzi. Iko juu ya kabati la dawa, sijaifungua. Nitaifungua nikitaka mimi. Na wewe nimekukasirikia kwa kutonitii, kwa sare ile nimekukasirikia zaidi, hatua ya ishirini na tatu ulikuwa na farasi e5 mchana kweupe, nitakuandikia siku nyingine. Wa tano si mwisho wa dunia. Kuna mwaka ujao, na mwaka ujao utakuwa na kurasa nyingi zaidi ya nne.

Sasa nisikilize. Jumamosi nilikwenda klabu ya sataranji ya mjini. Nilivuka mlango. Palikuwa na kijana anaandikisha watu kwa mashindano ya wanawake ya mji. Akanitazama, akasema kwa adabu, "Mama, umemleta mjukuu?" Nikamwambia, "Nimejileta mwenyewe, andika."

Nilimpata msichana wa chuo kikuu, ana miaka kumi na tisa, anatafuna ubani. Saa ilipogongwa magoti yalifanya kama zamani, lakini safari hii nilikuwa nimeshakaa. Ufunguzi ulikwenda vizuri, vizuri mno, mpaka akaacha kutafuna. Kisha nikachoka, nikamwacha askofu bila ulinzi kama mtu aliyesahau mkoba sokoni. Nimefungwa hatua ya thelathini na moja. Alinipa mkono akasema, "Shangazi, umenitesa." Nilirudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu, sikuweza kukaa kwenye basi.

Mwisho wa mwezi nacheza tena, nina nyeusi, na mpinzani wangu hufungua kwa askari wa mfalme. Sina habari hata chembe wanachezaje siku hizi. Mwambie Imants wako anipe vijitabu. Vya zamani sivitaki, nataka vya mwaka huu. Tuma kwa ndege.

Mama yako,
Natela